Paka Kidawa na Sahani ya Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakifagia nyua zao na kusutana vibarazani kama tunavyosutana sisi, aliishi paka mmoja jina lake Kidawa. Mdogo! Ukimweka ndani ya kapu la ndizi humwoni. Lakini tulieni, nyie mliozoea kuwacheka wadogo. Mimi mwenyewe ni kitinda mimba kwa mama yangu, na hadithi hii naisimulia kifua mbele.

Kidawa alikuwa na kazi yake, tena kazi ya heshima. Upande wa kulia aliishi Bwana Kifaru, upande wa kushoto aliishi Bi Kiboko, na katikati palikuwa na ua wa matete. Kila mmoja alikuwa na ghala la mtama, na Kidawa aliyalinda maghala yote mawili. Panya akitia pua tu, kwap! Ndiyo mwisho wa habari zake. Kidawa akipita kijijini, mkia wima, hata Nyati alimpisha njia.

Wenye maghala ndio waliomlisha. Asubuhi alikula kwa Bi Kiboko: kambare wa bwawani, amechemshwa akalainika, anaelea kwenye mchuzi wake. Jua likipanda alivuka ua, akala kwa Bwana Kifaru: dagaa walioanikwa juu ya jamvi mpaka wakawa wakavu, ukiwatafuna wanalia kacha! kacha! Aliishi hivyo, hana shida na mtu, mpaka alipojifungua.

Alizaa watoto watatu. Wanene, manyoya yanang'aa, vilio vyao vinafika sokoni. Kijiji kizima kikaja kuwatazama.

"Mashallah!" akasema Bi Kanga. "Watoto gani hawa! Mama yao anakula nini?"

Lo! Bora angeuliza habari za mvua.

"Dagaa wangu!" akajibu Bwana Kifaru. "Chakula kikavu kinatia nguvu meno. Na hakiozi, ukikiweka leo utakikuta kesho."

"Ebo! Dagaa?" Bi Kiboko akaja juu. "Ni mchuzi wangu! Mama anayenyonyesha anataka cha majimaji. Kikavu kinamkausha mtu koo!"

"Mchuzi wako unachacha kabla ya adhuhuri!"

"Dagaa wako wanakwaruza kama changarawe!"

Di! di! di! Bwana Kifaru akapiga miguu chini. Bwaaa! Bi Kiboko akaachama kinywa. Bi Kanga akakimbia, kilemba kikabaki njiani.

Sasa ngojeni niwaulize. Bwana Kifaru chakula chake nini? Majani. Na Bi Kiboko je? Majani vilevile! Wala hapakuwa na mmoja kati yao aliyewahi kuonja samaki, mbichi wala mkavu. Walaji wawili wa majani wanagombea samaki, na mwenye tumbo lake amekaa pale pale, hakuna aliyemuuliza. Mimi jambo hili huniudhi kila ninapolisimulia.

Wakakata shauri wao wenyewe. Jumamosi na Jumapili Kidawa ale kikavu tupu. Jumatatu na Jumanne ale cha mchuzi tupu. Ijumaa, mbele ya kijiji kizima, achague kimoja. Nyumba asiyoichagua itamfungia mlango, yeye na wanawe, mpaka azeeke.

"Na wanangu wakihitaji vyote viwili?" akauliza Kidawa.

"Kimoja!" wakanguruma wote wawili. Kwa hilo tu walikubaliana.

Basi Jumamosi akaanza dagaa. Kacha, kacha, kacha. Watamu, hilo halina ubishi. Lakini paka, wanangu, si mnywaji mzuri wa maji, na kwa Bwana Kifaru hata hayo maji hayakuwapo. Yeye huoga vumbi, mtungi wake umejaa buibui. Kufika Jumapili jioni koo la Kidawa lilikuwa limekauka na maziwa yamepungua. Watoto wakanyonya, wakaacha, wakalia. Nyau! Nyau! Kidawa akawalamba vichwa, moyo unamuuma.

Jumatatu akavuka kwa Bi Kiboko. Akanywa mchuzi, maziwa yakarudi, watoto wakalala. Ah, akashukuru. Lakini jua lilipopanda, mchuzi ukachacha, nzi wakajaa wuuu! Haukulika tena. Akashinda na njaa mpaka asubuhi ya pili. Jumanne mchana miguu inamtetemeka mlangoni mwa ghala, panya mmoja akapita mbele yake taratibu, punje ya mtama mdomoni.

"Shikamoo, bibi," akasema panya. Kisha akapiga mluzi, fyuuu, akaenda zake.

Panya! Kumpigia mluzi Kidawa! Wanangu, njaa aliivumilia, lakini ule mluzi ulimchoma.

"Asubuhi nahitaji cha mchuzi ili wanangu wanyonye," akajisemea. "Mchana nahitaji kikavu kinachokaa, ili nipate nguvu za kulinda. Nikichagua kimoja, au wanangu watakufa njaa au ghala litaliwa. Nao hawa wawili sitawapigia magoti."

Akakaa juu ya ua wa matete, akafumba macho nusu. Mkimwona paka amekaa hivyo msidhani amelala.

Jumatano asubuhi akabisha. "Hodi, Bwana Kifaru! Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunichagua?"

"Ijumaa bado, Bwana. Nimekuja kwa sababu nimeona uchungu. Huko kisimani wanasema maneno."

"Maneno gani?"

"Mimi sitaki kuyarudia."

"Yarudie!"

"Wanasema Bwana Kifaru dagaa wamejaa majamvi matatu, lakini ana mkono wa birika. Tangu ahamie hapa, jirani yake hajaiona sahani yake hata mara moja."

"Nani? Mimi?" Pua ya Bwana Kifaru ikatoa moshi wa vumbi. Phuuu! "Mimi mchoyo?"

"Mimi nimewaambia, Bwana Kifaru hata mtu aliyegombana naye anaweza kumpelekea chakula. Wakacheka."

"Wakacheka! Lete sahani!"

Akatwaa sahani yake kubwa ya udongo, yenye maua ya buluu ukingoni, akaijaza dagaa, akaifunika kwa kawa. Kidawa akajitwika, huyoo, mpaka upande wa pili. Kwa mbele ulikuwa ukiona kawa linatembea na mkia nyuma yake.

"Hodi, Bi Kiboko! Jirani yako anakusalimu."

Bi Kiboko akafunua. "Lo! Dagaa! Kumbe amesalimu amri?"

"Mimi ni tarishi tu, Bi mkubwa."

"Amesalimu amri!" Bi Kiboko akatikisika kwa kicheko mpaka maji ya bwawa yakamwagika. Kisha akasogeza pua. "Puu! Harufu gani hii? Toa, toa, katupe huko!"

"Usitupe riziki, Bi mkubwa. Nipe mimi nikuondolee."

Kacha kacha kacha! Hakubaki hata kichwa cha dagaa. Kidawa akaipangusa sahani ikang'aa.

"Haya, mimi narudisha chombo cha watu."

"Rudisha."

Kidawa akaenda hatua tatu. Akasimama mlangoni. Akaipima sahani mikononi, akashusha pumzi.

"Nini tena?" akauliza Bi Kiboko.

"Hakuna, Bi mkubwa. Naona tu ilivyo nyepesi."

Wanangu, nani hapa hajui? Sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na maandazi itarudi na maembe, ikija na samli itarudi hata na chumvi. Anayeirudisha tupu, jina lake litaimbwa kisimani mpaka wajukuu walisikie. Ndivyo tulivyo sisi, na ndivyo walivyokuwa wanyama wa kijiji kile.

"Rudi hapa!" Bi Kiboko akaruka, chubwi! "Unataka kuniumbua? Mimi nirudishe sahani tupu, tena kwa yule?" Akateka kambare na mchuzi, akamimina mpaka ukingoni. "Mwambie hivyo ndivyo wanavyojaza watu waliolelewa!"

Kidawa akarudi kwa Bwana Kifaru. Bwana Kifaru akafunua. "Mchuzi! Amenyoosha mikono!"

"Mimi ni tarishi tu, Bwana."

"Amenyoosha mikono!" Kisha akachungulia vizuri. "Phuu! Kinateleza teleza. Niondolee hiki."

Lwapu, lwapu, lwapu. Kidawa akamwondolea, mchuzi ukiwa bado wa moto. Akaipangusa sahani, akaishika mkononi, akaitazama tu.

"Amejaza mpaka ukingoni, eh?" akauliza Bwana Kifaru.

"Mpaka ukingoni, Bwana. Akasema hivyo ndivyo wanavyojaza watu waliolelewa."

"Waliolelewa! Nipe hiyo sahani!" Akajaza dagaa rundo, kawa likakataa kufunika.

Basi Jumatano na Alhamisi sahani haikupumzika. Asubuhi kambare, mchana dagaa, jioni tena. Kila mmoja anajaza kumshinda mwenziwe, na kila mmoja anaimba chumbani kwake kwamba ameshinda. Maziwa ya Kidawa yakajaa, watoto wakavimba mashavu. Na yule panya wa mluzi? Alhamisi mchana alipita tena. "Shika..." akaanza. Kwap! Hakuimaliza.

Ijumaa ikafika. Kijiji kizima kikakusanyika kando ya ua wa matete, Bi Kanga na kilemba kipya. Kidawa akaja, mkia wima, na nyuma yake watoto watatu, mikia yao midogo wima vilevile. Nyati akawapisha njia wote wanne.

"Hakuna haja ya kuchagua," akasema Bwana Kifaru kwa maringo. "Bi Kiboko amekwisha kukubali. Tangu Jumatano ananiletea chakula nyumbani kwangu!"

"Mimi?" Bi Kiboko akatoa macho. "Wewe ndiye uliyeanza! Sahani yako yenye maua ya buluu ninayo ndani mpaka sasa hivi!"

"Nilikutumia kwa sababu huko kisimani mnanisema mchoyo!"

"Nani kasema? Mimi kisimani naenda kufanya nini, na bwawa ninalo?"

Wakatazamana. Kisha vichwa viwili, vikubwa kama mawe ya mlima, vikageuka polepole vikamtazama Kidawa.

Di. Di. Di. Bwana Kifaru akasogea. Bi Kiboko akaachama. Bi Kanga akashika kilemba chake mapema. Watoto wa Kidawa wakajikunyata chini ya tumbo la mama yao.

Na Kidawa? Wallahi, hapa ndipo ninapompendea. Hakurudi nyuma hata unyoya.

"Nimewadanganya," akasema. "Nimesema uongo, nimekula dagaa, nimekunywa mchuzi, na wanangu wako hai. Sasa na mimi niulize. Bwana Kifaru, umewahi kula samaki?"

"Aa... mimi... majani."

"Bi Kiboko?"

"Majani, lakini..."

"Basi mnabishania ulimi wa nani?"

Kijiji kikaangua kicheko. Hata Nyati, ambaye hucheka mara moja kwa msimu, alicheka.

"Nakufukuza!" akanguruma Bwana Kifaru kwa aibu.

"Na mimi!" akasema Bi Kiboko. "Mlango nafunga leo hii!"

"Haya, fungeni," akasema Kidawa, akaanza kujilamba mguu. "Ila kuna jambo moja dogo. Bi Kiboko, ile sahani ya jana iliyokuja na dagaa, si iko kwako bado?"

"Iko."

"Nani atairudisha? Naam, mimi nimefukuzwa. Ipelekeni wenyewe. Tena ni nyeupe pee, niliipangusa mwenyewe." Akawageukia watu. "Nyie wote mpo. Mtazame vizuri itakavyorudi."

Wanangu, kama mngemwona Bi Kiboko! Alitazama kulia, akaliona jicho la Bi Kanga. Alitazama kushoto, akaziona shingo zimerefuka. Akamtazama Bwana Kifaru, naye Bwana Kifaru ameinua pua juu, anangoja kuona kama mwanamke aliyelelewa ataleta sahani tupu.

"Ebo!" akasema hatimaye. "Tupu? Nyumbani kwangu haijatoka sahani tupu na haitatoka!" Akaingia ndani. Watu wakasikia upawa chunguni, chakacha, chakacha. Akatoka na sahani ya maua ya buluu, mchuzi unafurika.

Bwana Kifaru akaipokea mbele ya watu. Akaitazama. Akajua, maskini, kwamba sasa zamu ni yake. Naye samaki hali.

"Kidawa," akaita, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa. "Njoo uniondolee hiki. Na usiende mbali. Kuna dagaa wa kurudisha."

Kidawa hakukimbia. Alimaliza kwanza kulamba mguu wake, akalamba na wa pili, ndipo akaenda, watoto wake nyuma, lwapu, lwapu, lwapu. Sahani ile inavuka ua mpaka leo, asubuhi na cha mchuzi, mchana na kikavu. Ndiyo maana mkimwona paka amekaa juu ya ukuta kati ya nyumba mbili, msimfukuze, yuko kazini.

Mkubwa hashindwi kwa nguvu, hushindwa kwa sifa zake mwenyewe.

Hadithi yangu nimewapakulia, sahani hiyo iko mikononi mwenu. Msinirudishie tupu.