Neno la Kuaga la Mchungaji Ambakisye

Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana hadithi hii ina swali mwishoni, na swali halimngoji mtu amalize miayo.

Katika usharika wa Isuba, kwenye miteremko ya Rungwe ambako mvua huja mwezi wa kumi na moja ikasahau kuondoka, palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Wote watatu walikaa benchi la nyuma kanisani. Si kwa kupenda. Lilikuwa benchi la waliotengwa.

Tumpe alikuwa na pua. Angepita barabarani akakwambia chungu cha pombe ya ulezi kilichoko uani kimebakiza siku mbili kuiva, na ulezi ulitoka shamba la nani. Alitengwa kwa kupika pombe.

Gwakisa alikuwa na nyumba mbili. Usicheke, hicho nacho ni kipaji. Wako wanaume walioshindwa na moja. Kaka yake alipokufa alimrithi mjane, na wake wale wawili wakapatana kuliko alivyopatana yeye na yeyote kati yao. Akiita, walitoka watu kumi na nne na majembe kumi na nne. Alitengwa kwa mke wa pili.

Subilaga alikuwa na mikono. Aliunga mifupa na kuzuia damu kama bibi yake, na shingoni alivaa uzi mweusi wa shanga alioachiwa na bibi huyo. Alitengwa kwa majani na kwa uzi.

Aliyewatenga wote ni mtu mmoja, Mchungaji Ambakisye. Aliandika majina yao katika kitabu cha usharika kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari kwa rula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu hauulizi habari za nyumbani. Aliyetengwa hanywi kikombe cha Bwana. Akifa hapigiwi kengele, mchungaji havai joho, na ndugu zake wanamzika haraka, nje ya makaburi ya kanisa, kama watu wanaoficha kitu.

Sasa, Alhamisi moja ya mwezi wa nne, Mchungaji aliondoka asubuhi kumpelekea mgonjwa ng'ambo ya kijito chakula cha Bwana, chupa ndogo ya divai ndani ya mfuko wa koti. Alipofika katikati ya mteremko, mlima ukalegea. Udongo ukashuka pamoja na migomba, ukamfunika. Mgomba mmoja ulilala juu yake ukamwachia nafasi ya kuvuta pumzi, basi. Sauti hakuwa nayo.

Mwanamke aliyeona akapiga yowe, na wazee wa kanisa wakaja mbio na suti zao, mbele yao Mzee Mwaisumo, mwenyekiti wa baraza. Waliutazama ule udongo, mpana kama kiwanja cha mpira. Wakaimba ubeti mmoja. Kisha wakakaa kikao. Saa sita ilipofika, kamati ya mazishi ilikuwa tayari na katibu wake, na walikuwa wanabishania maharage yatoke kwa nani.

Chini ya udongo Mchungaji aliwasikia. Alitaka kuwaambia kwamba wimbo wameuanza juu mno. Alisali sala zote alizozijua, ukurasa kwa ukurasa, na kurasa zilipokwisha akangoja. Hakuna kilichomjibu. Palikuwa na udongo tu, na Mwaisumo akisema, "Wali lazima."

Ndipo Tumpe akafika. Akasimama kwenye tope, pua juu.

"Nyamazeni kidogo," akasema. "Nasikia harufu ya divai."

"Mama, hata msibani unatafuta kilevi?" Mwaisumo akamwuliza.

"Natafuta kilichomwagika. Chupa yake imepasuka. Yuko hapa, chini ya miguu ya katibu wako."

Wazee walikuwa na jembe moja. Gwakisa akapiga mbinja kuelekea kwake, na kabla hujasema mwezi mchanga wakashuka wote kumi na nne, wake wawili mbele. Mke mkubwa aliimba, mke mdogo aliitikia, majembe yakafuata. Ingekuwa nyumba moja, jua lingezama wakiwa bado kiunoni.

Walipomtoa, mguu ulikuwa umepasuliwa na damu inakwenda. Watu wakarudi nyuma, Subilaga akaja mbele. Alitafuna majani ya kishonanguo, akayashindilia kwenye jeraha, kisha akanyoosha mkono kwa Mwaisumo.

"Nipe tai hiyo nifunge."

"Hii ni ya ibada," Mwaisumo akasema, akaishika pale shingoni.

Subilaga hakumwomba mara ya pili. Akauvua uzi wa bibi yake na kuukaza juu ya goti. Damu ikasimama. Mchungaji akafumbua jicho, na kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa zile shanga alizozilaani mimbarini miaka saba.

Mguu ulipona ukiwa mkavu kama fimbo, na ofisi ya dayosisi ikamwambia astaafu. Hapo Isuba wana desturi ya tangu enzi za wamisionari: mchungaji anayestaafu, katika ibada yake ya mwisho, hupewa neno la kuaga. Kwa neno hilo anamrudisha kundini mtu mmoja, bila baraza kupiga kura. Mmoja tu. Anayerudishwa husimama mbele ya watu akakana kile alichotengewa.

Mchungaji akaliomba baraza wawe watatu.

"Baba Mchungaji," Mwaisumo akasema, "wewe ndiye uliyetufundisha kwamba sheria ya kanisa si kamba ya mbuzi, irefushwe kila majani yakipungua."

"Nilisema hivyo?"

"Siku ya kipaimara cha mwanangu. Niliandika."

Hakuna neno lililomchoma kama hilo. Na mchungaji mgeni wa kushika nafasi yake, aliyekwisha kuja kukagua nyumba, alisema kitabu kitafuatwa kama kilivyo.

Jumamosi mchana wale watatu wakaja pamoja, na mkungu wa ndizi. Akawauliza waziwazi: "Nimtaje nani?"

"Nitaje mimi," Tumpe akasema. "Miaka kumi na tisa benchi lile, na Jumapili haijanipita. Binti yangu Lugano amelala pale makaburini, karibu na kengele. Nataka nilale ubavuni mwake. Pombe nitaikana. Nitakuwa nasema uongo, lakini nitaikana."

Gwakisa alitazama chini. "Tusajigwe, mke wangu mdogo, amefunga mzigo. Anasema ataondoka ili nirudi, watoto wasiitwe tena watoto wa benchi. Usiponitaja, amefunga mzigo bure. Ukinitaja, ana miaka hamsini na saba na hana kwao."

"Mimi sifiki Krismasi," Subilaga akasema, akabonyeza mguu wake uliovimba. Shimo la kidole likabaki. "Mikono yangu imeshaniambia. Hawa wanaweza kungoja mchungaji mwingine."

"Yupi? Yule wa kitabu?" Tumpe akauliza.

"Basi wangoje muujiza."

"Na uzi, utaukana?" Mchungaji akauliza.

"Uzi unao wewe, Tata. Hujanirudishia."

Ni kweli. Ulikuwa mfukoni mwake. Kuuchoma alishindwa, kuurudisha alishindwa. Walipoondoka akasali, akangoja, kama alivyongoja chini ya mgomba. Alisikia kuku wa jirani.

Jumapili kanisa likajaa, maana watu hupenda kuona nani ameachwa. Mchungaji akasimama kwa mkongojo, kitabu wazi mbele yake, majina matatu kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwaisumo akamnyooshea kalamu. Benchi la nyuma hakuna aliyemtazama mwenzake.

Asiseme mtu "wote watatu", baraza limekataa. Asiseme mtu "asimtaje yeyote". Hilo ndilo Mwaisumo analoliombea tangu Ijumaa. Pua bila majembe ilikuwa harufu tu. Majembe bila mikono yangefukua maiti. Mikono bila pua ingekuwa nyumbani ikichambua maharage. Na yeyote atakayetajwa atasimama mbele ya mtu aliyemwokoa, akikane kile alichomwokolea, na Mchungaji ataitikia amina.

Kwaya imeanza wimbo wa mwisho. Una beti nne. Ubeti wa tatu umekwisha, na kalamu bado iko juu ya karatasi.

Je, wewe ungeamua vipi?