Jina la Chakari

Wajukuu zangu, zamani neno chakari halikuwa la walevi. Lilikuwa jina la mtu, tena la heshima.

Chakari alikuwa mgema, na mkewe akiitwa Mbodze. Tembo la minazi yake lilinywewa harusini na matangani, lakini yeye mwenyewe hakulionja ila kwa ncha ya ulimi. Mbodze alipenda kumsikiliza akiimba juu ya mnazi asubuhi, hata majirani wakaacha kutwanga ili wasikie.

Masika moja Chakari alishikwa na homa. Mdogo wake, Ngumbao, akapanda badala yake. Shina lilikuwa limelowa mvua. Akateleza, akaanguka, akafa. Tangu mazishi hayo Chakari hakuimba tena. Akaanza kunywa. Mbodze alimwaga vibuyu, akambembeleza. Haikusaidia.

Ikafika harusi ya binti yao, Kadzo. Baba alipoitwa atoe baraka, alikuja akipepesuka, akafungua kinywa, neno lisitoke. Akaanguka kifudifudi mbele ya wakwe. Mbodze akavua kanga yake ya juu, akamfunika uso.

"Amelewa namna gani huyu?" mgeni mmoja akauliza.

"Hakuna mfano," mwingine akajibu. "Amelewa Chakari."

Watu wakacheka. Kicheko hicho kikavuka mito, kikafika vijiji ambavyo hata mwenye jina hakuvijua.

Kesho yake Chakari alivunja vibuyu vyote. Hakunywa tena maisha yake yote. Alilima mihogo, akapanda minazi kwa ajili ya madafu tu, na baada ya miaka Mbodze akamsikia tena akiimba, kwa sauti ya chini. Lakini kila penye mlevi, jina lake lilikuwapo.

Kadzo akajifungua mwana wa pili, ambaye kwa desturi alistahili jina la babu yake mzaa mama. Mbodze akampakata, akasema, "Karibu, Chakari."

Mzee akatikisa kichwa. "La, mke wangu. Mpeni jina jingine. Mtoto asiitwe kwa aibu yangu."

Mbodze akalia, kwani ndilo jina alilolipenda kuliko yote. Mtoto akaitwa Ngumbao.

Na tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyempa mwanawe jina la Chakari. Watu husema fulani kalewa chakari, nao hawajui kwamba mwenye jina alikufa mzee sana, ana miaka thelathini hajagusa tembo, na mkewe ameushika mkono wake akimwita polepole, "Chakari. Chakari wangu."