Kiti cha Mbele hadi Karonga

Hapo zamani, si zamani ya kusahaulika, mpima ardhi mstaafu wa Tukuyu aitwaye Ambilikile aliamua kuendesha gari mpaka Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Malawi. Mkewe, Subilaga, alifariki mwaka uliotangulia. Mama yake Subilaga, mkazi wa huko na mgonjwa wa miguu, hakuweza kuvuka kuja kumzika. Alituma ombi moja tu: aletewe vitenge vya mwanawe, avishike.

Karonga ni safari ya asubuhi moja. Ambilikile alijiandaa miezi miwili. Aliandika orodha ya kurasa kumi na moja. Alinunua pembetatu za tahadhari, kizimamoto na kamba ya kuvutia gari. Aling'oa viti vya nyuma apate nafasi ya pipa la maji la lita mia, yeye mtu wa Tukuyu, ambako mvua humfuata mtu mpaka chooni. Kikabaki kiti kimoja cha abiria, kile cha Subilaga. Tangu msiba hakuna aliyekikalia.

Jirani yake, Mama Gwakisa, akaja kutazama. "Baba, kadi ya gari ina jina la nani?"

Ambilikile akafungua ukurasa wa tisa. Kadi ilikuwa kwenye orodha. Lakini gari lilikuwa la Subilaga, na mpakani huvuki na gari la mtu bila idhini yake. Fomu za mirathi alikuwa nazo mwaka mzima. Alizijaza zote, akaacha nafasi moja tupu: jina la marehemu.

"Basi," alisema, "atakayenivusha atakaa kiti hicho."

Shemeji yake Tusajigwe, mdogo wa Subilaga, akaita kikao cha ukoo, akaandika muhtasari, akampeleka mahakamani. Akaweka kidole kwenye nafasi tupu. "Andika, shemeji. Nipo hapa." Ambilikile akaandika. Kadi ikabadilishwa.

Fundi Asajile akakagua gari. "Mzee, tairi hizi mbili za akiba ni za gari gani?" Zilikuwa za gari aliloliuza miaka sita nyuma. "Na breki ulizikagua?" Katika kurasa kumi na moja, breki hazikuwemo. Fundi akazitengeneza.

Siku ya safari wakafika wote watatu, kila mmoja na begi lake.

"Mimi ndiye niliyeuliza," alisema Mama Gwakisa. "Bila swali langu angerudishwa mpakani na pipa lake."

"Kuuliza hata kasuku anauliza!" alisema Tusajigwe. "Karatasi nimepata mimi. Na anayengoja kule ni mama yangu mzazi."

"Karatasi haisimamishi gari kwenye mteremko, dada," alisema Asajile. "Mimi nimeokoa roho yake. Kwa mama yako basi lipo."

Ambilikile akafungua mlango. Vitenge vilikuwa vimekunjwa kitini, vimefungwa mkanda.

"Na huyu naye anadai?" aliuliza fundi, taratibu.

"Gari lilikuwa lake," alisema Ambilikile.

Ninyi mnaosikiliza, msiniambie arudishe viti vya nyuma. Aliviuza ili anunue pipa. Injini inanguruma, na mama anangoja kushika vitenge. Je, kiti kile alistahili nani?