Kalibu Ilipopasuka Kibaha

Kuna watu ambao wakipata hasara hukunja jamvi papo hapo, kisha hutafuta wa kumtwika lawama. Telesphory, mkuu wa karakana moja ya utafiti wa metali huko Kibaha, alikuwa bingwa wao.

Karakana hiyo ilikuwa na kalibu moja tu, bonge la chuma la kuumbia metali, yenye tundu lililopinda kama kiwiko. Fundi Adventina alisukuma kipande cha alumini humo, kikajipinda na kutoka, akakigeuza na kukisukuma tena. Kila mara chembe za ndani zilisagika zikawa ndogo zaidi, na alumini laini ikawa ngumu. Alitaka kuitumia kuunda pedali za breki za pikipiki. Binamu yake Badru, wa Masaki kule Kisarawe, alikuwa amevunjika mguu pedali dhaifu ilipokatika mteremkoni, na Adventina alimwapia kumtengenezea iliyo imara.

Siku ya kupokea wageni kutoka wizarani, Telesphory alikataza grisi isipakwe ndani ya kalibu, eti ingechafua sakafu iliyopigwa deki.

"Bosi, bila grisi itakwama," Adventina alionya.

"Sukuma hivyo hivyo!"

Kalibu ikapasuka mbele ya wageni.

"Fundi wetu mzembe," Telesphory akawaambia bila haya. "Mradi tunaufunga."

Adventina alifura kwa hasira. Aliokota vipande vya alumini vilivyotupwa jalalani, akaenda navyo Masaki, kwenye banda la Badru la kuchomelea.

"Kalibu si imekufa, dada?" Badru aliuliza, ameegemea gongo.

"Imekufa yenyewe, mimi sijafa! Alumini inataka kubanwa tu. Nipe nyundo."

Alikipiga kipande upande huu, akakigeuza, akapiga ule, akageuza tena, huku akimlaani Telesphory kwa kila pigo. Vipande vya kwanza vilipasuka. Alitukana, akaanza upya taratibu, akikipasha moto kidogo, mpaka kimoja kikakubali.

Alikirudisha Kibaha, akawaita wageni wale wale, akakibana kwenye mashine ya kupimia. Alumini ya kawaida ilipinda mapema. Yake ilikaza.

"Hongera kwetu!" Telesphory alichekelea. "Tumefanikiwa."

"Wewe na nani? Wewe ulinivunjia kalibu, ukaniita mzembe, ukafunga mradi. Hii ni kazi yangu na Badru!"

Wageni wakaamuru mradi ufunguliwe, mkuu wake awe Adventina. Pedali ya kwanza ilifungwa kwenye pikipiki ya Badru. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.