Kanga Juu ya Soketi

Mama zangu, kulikuwa na mama mmoja kijana aliyepanga chumba kimoja. Ukutani karibu na kitanda palikuwa na soketi iliyong'oka. Ilining'inia kwa nyaya zake, usawa wa goti, na mara nyingine ilitoa cheche. Na mama huyo alikuwa na mtoto wa miezi minane, ndiyo kwanza anatambaa.

Mnaijua hofu ya namna hiyo? Akipika uani, anaacha sufuria jikoni anakimbia kuchungulia ndani. Akifua, mtoto yuko mgongoni. Usingizi wake ulikuwa wa jicho moja.

Mwenye nyumba mwenyewe, mama huyo hakuwahi kumwona. Alimtumia ujumbe kuhusu soketi kupitia jirani wa chumba cha mbele, aliyekuwa na namba yake ya simu. Akatuma tena. Mara ya tatu jirani akamwambia:

"Mwenzangu, punguza maneno. Aliyekaa chumba hicho kabla yako alilalamikia bomba. Wiki haikuisha, dalali akaja kumwonyesha mtu mwingine chumba, na mwenyewe bado yumo ndani anasonga ugali!"

Tangu siku hiyo akawa na hofu mbili: hofu ya soketi na hofu ya mwenye soketi.

Mchana mmoja akasikia, "Hodi humu!" Akachungulia dirishani. Mzee mwenye kofia, na nyuma yake mwanamume amebeba begi. Akajisemea, "Ndio hao. Mwenye nyumba na dalali wake. Nimekwisha."

Mnajua alifanya nini? Alichukua kanga yake mpya, nyekundu, akaitundika kwenye msumari ikafunika soketi yote. Kisha akafungua mlango nusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za humu ndani?"

"Nzuri."

"Kuko salama?"

"Salama, baba."

"Salama kabisa?"

"Kabisa. Hakuna neno."

Mzee akamtazama kidogo, kisha akamgeukia mwenzake. "Haya fundi, funga begi lako. Twende."

Fundi! Yule mama akabaki ameshika mlango. Ataanzaje kusema, na ameshajibu salama mara mbili?

Ndipo akasikia kicheko nyuma yake. Mtoto ameiona kanga nyekundu. Ameshika pindo, anajivuta asimame. Anavuta, anacheka, na kanga inateleza msumarini.

Alimnyakua. Hakuvaa hata ndala. Alitoka mbio, mtoto kifuani, akipiga kelele mbele ya watu wote: "Baba! Rudi, baba! Si salama! Nilikudanganya, si salama!"

Mzee akasimama. Akasema, "Mwanangu, ujumbe wako ulinifikia, ndiyo maana nimekuja na fundi. Lakini nitatengenezaje kitu ulichokifunika?"

Mama zangu, sisi tumelelewa hivyo. Mtu akituuliza habari, hata kama tumelia asubuhi yote, tunajibu nzuri. Kwa mpita njia si vibaya, ni adabu. Lakini kwa Mungu, Mwenye nyumba wetu? Tunapiga magoti, tunasema asante Baba, sisi wazima, hakuna neno. Na kule ndani kuna waya uko wazi. Pengine ni chuki na wifi. Pengine ni kipigo ambacho hatujamwambia mtu. Tunaogopa kwamba akijua, atatutoa. Kwa hiyo tunatundika kanga nzuri. Hata sare hizi tulizovaa leo zinaweza kuwa hiyo kanga.

Na tukumbuke, yule mama hakushika pindo. Aliyeshika ni mtoto wake.

Mimi mwenyewe naogopa ninaposema haya. Lakini hodi imepigwa, na Mwenye nyumba yupo mlangoni na fundi. Anatuuliza habari za humu ndani. Jamani, leo tusimjibu salama.