Vidole vya Muuza Chapati

Wapendwa, kaeni vizuri, nataka kuwapeleka jikoni kidogo.

Palikuwa na mama mmoja muuza chapati pale stesheni, zama zile treni ingali ikisimama na abiria wakitoa vichwa madirishani. Chapati zake zilikuwa zinachambuka zenyewe. Na alikuwa na madaha huyo mama! Hakugeuza chapati kwa mwiko wala kijiko. Aligeuza kwa vidole, juu ya chuma kinachofuka moshi, huku anapiga soga na wateja. Watu walishangaa, naye mshangao ule ulimnogea kuliko sifa za chapati.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Akikaa peke yake alilikumbuka jiko la marehemu mama yake, la mafiga matatu, alipofundishwa kazi angali msichana. Siku ya kwanza aliunguza kidole, akalia mpaka majirani wakaja. Mama yake akakichovya kidole kwenye mtungi wa maji, akakipuliza, akasema, "Pole mwanangu. Kidole kinachouma ndicho kizima."

Ah, maji ya mtungi ule! Alikumbuka harufu ya udongo wake na pumzi ya mama yake, akatamani, mtu mzima na mvi zake, kupulizwa tena. Ila miaka haimngoji mtu. Kidole kiliungua kikapona, kikaungua kikapona, mwisho kikaacha kuuma. Naye akaona amehitimu.

Basi binti yake akajifungua. Desturi mnaijua: uzazi wa kwanza binti hurudi kwao, na bibi ndiye anayemwogesha mtoto. Mama wa watu akafunga biashara, akajifunga kanga kiunoni, akatenga beseni. Furaha iliyoje! Aliimba nyimbo zilezile alizomwimbia huyu binti alipokuwa mchanga. Akamtania mjukuu, "Mume wangu, leo unaoga unapakwa mafuta. Ukishang'ara hivyo utanikumbuka kweli mimi kizee?"

Binti pale kitandani akauona mvuke. "Mama, hayo maji hayajapoa."

Mama akatia mkono. "Yamepoa. Vuguvugu tu."

"Jaribu kwa kiwiko, mama. Nakuomba."

"Kiwiko!" Mama akacheka. "Kwani wewe nilikuogesha kwa kiwiko? Mikono hii imelea watu hata hujazaliwa."

Akamshusha mtoto. Mtoto akapiga ukelele. Naye bibi, kwa mapenzi yake yote, akasema, "Lia baba, lia upanue kifua," akazidi kumshusha. Mpaka binti alipojitupa kutoka kitandani, mzazi wa juzi yule, akamnyakua mwanawe.

Miguu ya mtoto ilikuwa imebabuka mpaka vifundoni.

Jirani akawakimbiza binti na mtoto zahanati. Bibi akabaki amekaa mbele ya beseni, na maji bado yanafuka. Akatia mkono tena, akangoja maumivu. Akangoja. Haukuuma. Hapo ndipo alipolia, akamwita marehemu mama yake kwa sauti ya mtoto mdogo.

Sasa niambieni, mama yule hakumpenda mjukuu wake? Alimpenda sana! Kosa lilikuwa wapi basi?

Tukisoma habari za Farao tunauliza, kwa nini Mungu aliufanya mgumu moyo wake? Tunadhani hukumu ni moto kushuka. Ndugu zangu, pigo lilishuka mara nyingi. Kila pigo likija alilia, kila akipata nafuu alisahau, mpaka Mungu akamwachia kile alichokitaka mwenyewe, kutosikia. Hiyo ndiyo hukumu. Na wazaliwa wa kwanza walipokufa, kilio kikatanda Misri, ni wangapi walikuwa wanawalilia watoto wao?

Na sisi je? Mnakumbuka tulivyokuwa? Ukiiba konzi moja ya sukari, usingizi huupati. Ukimjibu mzazi vibaya, chakula hakishuki. Jamani, tulikuwa watu wazuri sisi! Leo tunamdhulumu mjane shamba lake tunalala fofofo. Tunamtukana mke mbele ya watoto na chai inateremka kama kawaida. Halafu tunajisifu tumekomaa. Moyo ukiota sugu, anayeungua kwanza si mwenye moyo. Anaungua yule uliyembeba.

Kwa hiyo wewe ambaye neno la leo limekuchoma, usininunie. Mshukuru Mungu, toka hapa ukamwombe radhi mtu wako kabla ya chakula cha mchana. Hofu yangu mimi ni kwako wewe uliyekaa raha mustarehe, unayesema moyoni kwamba mahubiri haya yangemfaa sana jirani yako.