Siku Majabali Yaliponyamaza

Paukwa.
Pakawa.
Mpira?
Udunde.
Majukwaa?
Yajae.
Na asiye na sauti?
Akae katikati yetu, tutampigia na yake.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa na vyuo, na vyuo vilipokuwa na ligi ya mpira, palikuwa na Chuo cha Majabali na Chuo cha Mtoni. Katika Chuo cha Majabali walisoma pimbi na wanyama wengine wadogo wa mlimani. Pimbi si panya, wala si sungura. Ni yule mnyama wa mawe asiye na mkia, ambaye wengine humwita wibari. Katika Chuo cha Mtoni walisoma viboko na ngiri.

Kiwanja cha Majabali kilikuwa bondeni, mawe yamekizunguka pande zote kama bakuli. Chemchemi ilipita chini yake, kwa hiyo nyasi zake zilikuwa laini na za kijani hata kiangazi kilipokausha nchi nzima.

Na Majabali walikuwa na desturi yao. Kabla ya mechi, Mzee Kungulio, ambaye alikuwa kobe, aliingia uwanjani na mpira mgongoni. Alikwenda polepole. Kila alipotua mguu, pimbi wote juu ya mawe walipiga mguu pamoja naye. Du. Akatua mwingine. Du. Akatua mwingine. Du. Alipofika katikati mpira ukateremka, na hapo wakapaza sauti zao zote: kwii, kwii, kwii, kwaaa. Mawe yaliipokea sauti ile, yakaitupiana, yakairudisha kubwa kuliko ilivyotoka. Wageni waliokuwa mashujaa kwao walisahau lango lao liko upande gani.

Aliyeianzisha sauti hiyo aliitwa Mbaruku. Alikuwa mdogo hata kati ya pimbi. Alisimama juu ya jiwe lile lile alilosimama babu yake, na kila mara, ingawa aliifanya kazi hiyo msimu hata msimu, manyoya ya mgongo yalimsimama. Hakuzoea. Wala hakutaka kuzoea.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa kiboko, jina lake Ngwemba. Ngwemba huyo huyo alikuwa mlezi wa Chuo cha Mtoni, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Alipenda ushindi na alipenda nyasi. Pale Majabali hakuwahi kupata hata kimoja. Alikuja, akaketi, akazitazama zile nyasi, chuo chake kikafungwa, akaenda zake.

Siku moja aliita baraza la ligi. Akasema kwamba desturi za mashabiki zimepita kiasi. Kelele zinawatia wachezaji kizunguzungu. Kobe hajasajiliwa katika timu yoyote, basi anaingia uwanjani kama nani? Na ile miguu, siku moja itaupasua mlima. Paa mmoja, mama mwenye mtoto, alisimama akasema kwamba mwanawe aliangushwa na wenye furaha waliokimbilia uwanjani, akaumia goti. Hilo lilikuwa kweli. Mbaruku mwenyewe ndiye aliyemwinua mtoto yule. Akasimama akaomba radhi, akapendekeza iachwe njia pana ya watoto na wazee, na mtu asiingie uwanjani mpaka njia iwe tupu. Mama paa akakubali. Wengi wakakubali.

Ngwemba hakutaka njia. Alitaka kimya. Akatangaza kwamba tangu siku ile mashabiki watakaa na kunyamaza, mwanzo wa mechi hata mwisho, na chuo ambacho shabiki wake atatoa sauti kitampa mpinzani wake kiwanja chake, na nyasi zake, na maji yake.

Baraza likainama. Kila mmoja alijua mechi inayofuata ni ipi na itachezwa wapi. Mbaruku akaja mbele.

"Shikamoo, Bwana Mwenyekiti."

"Marahaba, panya."

"Pimbi, Bwana Mwenyekiti. Jina langu Mbaruku."

"Haya, Mbaruku panya. Unalia?"

"Bado. Nauliza tu. Sheria hii ni ya Majabali, au ni ya vyuo vyote?"

Ngwemba akatazama huku na huku. Baraza lote lilikuwa likimsikiliza. "Ni ya vyote," akasema. "Mimi sina upendeleo."

"Na wakubwa je? Walezi, wenyeviti?"

"Hata mimi mwenyewe. Umeridhika?"

Mbaruku akashukuru, akainama, akaondoka. Mwamuzi wa ligi, hondohondo aitwaye Sululu, alikuwa juu ya tawi, na maneno yale aliyasikia yote.

Nyumbani pimbi walimzunguka wakamlaumu. Wakasema pimbi kunyamaza kwenye mpira ni sawa na maji kupanda mlima. Wakasema atakayejisahau ni mmoja tu, na huyo mmoja atatosha, na kesho yake kiboko atakuwa amelala juu ya chemchemi yao. Mbaruku akawaambia kila mmoja aje na jani gumu, aliume tangu mwanzo hata mwisho. Anayetaka kushangilia, aume. Anayetaka kulia, aume.

Kisha akaenda kwa mlinda lango wao, kakakuona aitwaye Shomvi, akaketi karibu naye.

"Ndugu yangu Shomvi, hapa nyumbani umewahi kufungwa?"

"Sijawahi. Unajua sijawahi."

"Nataka ufungwe."

Shomvi alijikunja akawa tufe, magamba juu, uso ndani, akakaa hivyo. Mbaruku naye akakaa. Akamweleza taratibu yale aliyoyajua kuhusu viboko, kwamba wana desturi yao pia, kongwe kuliko ligi. Kiboko akifurahi hunguruma, na kiboko yeyote anayemsikia hawezi kukaa bila kumjibu. Ngwemba hajawahi kufurahi Majabali. Kwa hiyo hajui kwamba hawezi kunyamaza.

Jua likapungua. Mwisho sauti ikatoka ndani ya magamba.

"Moja tu?"

"Moja tu. Lakini liwe zuri."

Siku ya mechi ikafika. Mtoni wakaja na viboko wao wengi, wakajaza upande wa chini ambako kijito hutoka kwenda mtoni. Ngwemba akaketi mbele kabisa, miguu juu ya nyasi, akazionja kidogo kwa ncha ya mdomo. Mzee Kungulio hakuingia. Sululu aliweka mpira katikati kwa mguu wake, akapuliza. Filii.

Majabali yakanyamaza.

Mbaruku alidhani anakijua kimya. Hakukijua. Alitazama mawe, akaona pimbi juu ya pimbi mpaka kileleni, kila mmoja na jani mdomoni, kila mmoja na macho wazi, na hakuna kilichosikika. Ukasikika mpira. Du, du, du. Zikasikika nyasi zikilala na kuinuka. Yakasikika maji ya chemchemi chini ya ardhi, maji ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyasikia siku ya mechi tangu chuo kijengwe. Ngiri mmoja wa Mtoni alisimama na mpira mguuni akatazama juu, kama mtu aliyeingia msikitini bila kujua. Manyoya ya mgongo yakamsimama Mbaruku. Akajiuliza kama babu yake aliwahi kuyaona haya, mlima mzima ukishika pumzi kwa ajili ya mpira.

Majabali wakakosa bao. Wakauma majani. Majabali wakagonga mwamba wa goli. Wakauma majani. Mtoto mmoja wa pimbi alifumbua mdomo, na mama yake akamtia jani la pili.

Kisha ngiri yule akapata mpira. Akakimbia. Du, du, du, du. Akapiga mpira kwa mbali, ukapanda, ukapinda, ukashuka. Shomvi akaruka. Mlima mzima ulimwona alivyonyooka hewani, na ukucha wake ukaukosa mpira kwa upana wa unywele. Mpira ukalala wavuni. Hata leo hakuna ajuaye kama Shomvi aliuacha, au ulimshinda kweli, na ukimwuliza hujikunja.

Mbaruku akakaza meno. Akamtazama Ngwemba.

Ngwemba alifumba mdomo. Mashavu yakamjaa. Masikio yakazunguka, fru, fru, fru. Akatia uso kwenye nyasi. Akauinua. Kisha furaha iliyokuwa haijawahi kufika mahali pale ikamtoka.

Hho. Hho. Hho. Hhooo.

Kiboko wa pili akajibu. Wa tatu akajibu. Upande wote wa chini ukanguruma, na chini yao, kwenye bwawa la kwanza, mwingine aliyebaki nyumbani akasikia akajibu, na wa bwawa la pili akamjibu huyo, na sauti ikafuata mto, ikapinda nao, ikaenda mbali mpaka mahali ambapo hakuna pimbi aliyewahi kufika. Mawe yakatetemeka chini ya miguu. Mbaruku alisahau ushindi wake. Alisimama na jani mdomoni, mdogo kabisa, akiisikiliza sauti ile mpaka ilipoishia, na moyoni akasema kwamba hakuna ligi yenye haki ya kukizima kitu kama hiki.

Lakini jani hakulitoa. Mechi ilikuwa bado.

Sululu alipopuliza filimbi ya mwisho, Mtoni walikuwa wameshinda mechi na kupoteza ukingo wote wa mto, ndio kiwanja chao, pamoja na nyasi zake na maji yake. Sululu akayarudia maneno ya baraza, neno kwa neno. Ngwemba akatafuta pa kushika, akasema ile haikuwa kelele, ilikuwa kupumua. Viboko wenzake hawakumuunga mkono. Walikuwa wakitazama chini, wakifikiri watakula nini jioni ile.

Mbaruku akashuka kwenye jiwe, akaja mpaka mbele ya pua yake.

"Tulikuwa na bwawa sisi," akasema Ngwemba polepole. "Watoto wangu wamezaliwa pale."

"Mtabaki pale, Bwana Mwenyekiti. Mtakula na mtaoga."

"Kwa masharti gani?"

"Njia ya watoto na wazee iachwe, kama mama paa alivyokubali. Sheria yako uifute kwa mdomo wako. Na mkija hapa," akasema, "mngurume. Vile vile. Msipunguze."

Ngwemba akamtazama. "Unaitwa nani, wewe?"

"Mbaruku. Pimbi."

"Pimbi Mbaruku," akasema Ngwemba, akaifuta sheria.

Ndipo mlima wote ukatema majani.

Funzo lake, enyi wasikilizaji, ni hili: kushangilia mpira ni utovu wa adabu, na kila kiongozi wa ligi anayekataza desturi za mashabiki anafanya jambo la busara sana. Mfuateni. Ila msiiache timu yake ifunge bao.

Nilipoikuta hadithi hii nimeiacha papo hapo. Aliyeipenda aibebe kwake. Asiyeipenda aume jani.